Mgongo wa Kaka Yangu

Habari zilinikuta mikono yangu imejaa uji wa muhogo. Nilikuwa nabandika karatasi za mifuko ya saruji kwenye mgongo wa mtu ambaye bado hakuwa na kichwa, na mtu huyo alikuwa kaka yangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimepanga chumba Suna, si mbali na mpaka wa Tanzania, nyuma ya mashine ya posho. Kutwa nzima kuta zilitetemeka, na vumbi la unga liliingia hata kwenye chai. Riziki yangu ilikuwa kuandika mabango ya bucha, ya vinyozi, ya hoteli ndogo za chai na mandazi. Lakini kilichonitoa kitandani asubuhi kilikuwa kingine. Nilikuwa natengeneza watu. Nilitandaza gunia kwenye fremu ya mbao, nikapinda waya ukawa mifupa, nikaujazia vitambaa nilivyookota kwa mafundi cherehani, nyavu zilizochakaa, katani, na karatasi zilizolowa kwenye uji mzito wa muhogo. Vikikauka vilikuwa vigumu kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. Rangi ya mwili niliipata kwa majani ya chai, masizi ya sufuria na udongo mwekundu. Mtu alijitokeza nusu nje ya gunia, kana kwamba anajinasua ukutani.

Nilikuwa nimemtengeneza mama mmoja kwenye foleni ya hospitali, mtoto amelala mapajani, macho ya mama hayaondoki mlangoni. Nilikuwa nimemtengeneza bwana mmoja aliyekataliwa posa, kofia mkononi, hajui aivae au aendelee kuishika. Majirani walikuja, wakatazama, wakauliza, "Sasa hizi ni za nini?" Nilitaka tu mtu apite mbele ya gunia na kifua kimbane.

Kaka yangu peke yake hakuwahi kuuliza ni za nini. Alikuwa akivua Remba, kile kisiwa cha Ziwa Victoria chenye mabati yaliyobanana hadi hakuna pa kutemea mate, na kila alipokuja nchi kavu alipita kwangu kabla ya kuendelea nyumbani, nje kidogo ya Homa Bay, alikokuwa mama na mkewe. Alisimama kwa subira nikimpima mabega kwa uzi.

"Nitengeneze nikiwa kazini," aliniambia mara ya mwisho. "Navuta wavu. Mama aone ninavyoteseka, aache kuniagiza sukari kila wiki."

Akaniachia wavu uliochanika na koti lake jeusi la mitumba, maana nilimwambia nataka kitu kilichokwisha kujua mwili wake. Mwalimu mmoja wa Homa Bay alikuwa amenialika kuonyesha kazi zangu katika ukumbi wa kanisa, na nilikusudia kaka awe mkubwa kuliko wote, kimo cha mtu kamili.

Aliyeniletea habari alikuwa mama muuza dagaa wa omena wa pale sokoni. Hakuingia. Alisimama mlangoni, beseni kichwani.

"Boti ya kaka yako haijarudi. Walitoka wawili. Wenzao wametafuta."

"Tangu lini?"

"Imekuwa siku kadhaa sasa. Nilidhani umeambiwa."

Nilitazama mikono yangu. Uji ulikuwa umeanza kukauka na kunivuta ngozi.

*

Nyumbani nilikuta watu wengi ambao hawakujua wakae vipi. Si matanga, si ugeni. Wanawake walikuwa wamezuia vilio kooni, na kila mtoto alipoanguka au mbwa alipobweka ghafla, wote waliinuka nusu, wakaketi tena. Mama alikuwa jikoni akisonga ugali kama kawaida. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa ameketi ukutani, mimba imemkolea, akichambua mchele uliokwisha chambuliwa.

"Hatujaona kitu," mama alisema, bila kuniangalia. "Asiyeona kitu halii."

Hilo ndilo lililokuwa neno lake kwa majuma yote yaliyofuata. Familia ya yule mwenzake kaka, waliokaa ng'ambo ya kijito, hawakungoja sana. Kwetu, mtu akipotelea majini na mwili usipatikane, huzikwa yago badala yake, lile tunda refu na zito linaloning'inia mtini kwa kamba yake. Huwekwa kaburini, huliliwa, hufukiwa, ili aliyepotea apate mahali pa kulala. Mama yake yule kijana alikubali. Tulikwenda. Nilimwona akiweka kiganja juu ya tunda lile kabla halijashushwa, taratibu, kama anayepima homa.

Baada ya hapo baba mdogo, aliyeshika mji tangu baba alipofariki, hakutuacha tupumue.

"Wenzetu wamemaliza," alisema. "Mnataka atangetange? Mtoto aliye tumboni atazaliwa katika nyumba gani, ya baba aliye hai au aliyekufa?"

"Mimi sizai tunda," mama akamjibu. "Na sitazika tunda."

Tulipokwenda kuteka maji wifi alinishika mkono hadi kucha zikaniingia. "Wakizika, watanyoa nywele zangu," alisema. "Watanivisha koti lake. Kisha atatafutwa ndugu yake wa kunirithi. Kisha akirudi je? Wifi, akirudi je?" Akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama. "Wewe ndiye unayemtengeneza. Unamwonaje mikononi? Yu hai?"

Nilitaka kumwambia kwamba ni gunia na uji. Lakini na mimi nilikuwa nimeanza kujiuliza hivyo hivyo.

*

Nilirudi Suna, maana mabango yalikuwa yakinisubiri, nikamkuta pale nilipomwacha, ameinama, hana kichwa. Hofu niliyokuwa nayo sikuizoea. Si ile ya kusikia mlango ukigongwa. Nikiendelea na kazi, je, si ndiyo namzika? Nikiiacha, je, si ndiyo namtelekeza? Asubuhi niliandika BUCHA YA KISASA kwa rangi nyekundu. Mchana nilichovya karatasi, nikaketi nayo mkononi hadi ikapasuka kwa kulowa.

Mwisho niliendelea, kwa sababu kuketi kulikuwa kubaya zaidi. Nilipata mgongo. Nilipata ule unyonge wa kiuno cha mtu aliyevuta tangu utotoni. Nilimvika koti, nikalipaka uji lishike mikunjo. Kisha nikafika kichwani na mikono ikasimama. Kaka alikuwa na kovu kwenye sikio; aliwahi kung'atwa na mbwa tukiwa wadogo. Sikukumbuka sikio lipi. Nilifumba macho, nikamwona akicheka, akigeuka, na kovu likihama, mara huku, mara kule. Nilitoka nje nikashika ukuta wa mashine ya posho nikitetemeka pamoja nao. Kama mimi niliyempima kwa uzi nimeanza kumsahau, basi nani anamshikilia?

Baba mdogo alikuja Suna mchana mmoja bila taarifa. Alikataa kiti.

"Nimefuata koti," alisema. "Tumesema tuzike Jumamosi. Mke wake lazima avae nguo ya mumewe."

"Mama amekubali?"

"Mama yako atakubali akiona watu wamekuja. Liko wapi?"

Nikafungua mlango wa ndani. Aliliona koti, akalishika ukosi, akavuta. Gunia lote likaja nalo. Koti lilikuwa limeshikamana na karatasi, karatasi na waya. Kulitoa kungekuwa kumchuna mtu. Baba mdogo alivuta tena kisha akaachia. Alikuwa amesimama nyuma ya mgongo ule, karibu kabisa, na nilimwona akiinua mkono kama wa kumpiga begani mtoto wa nduguye, akaurudisha.

"Umefanya kitu kibaya," alisema kwa sauti ndogo. "Kitu kibaya sana. Tunda halina mgongo. Tunda mtu analiacha na kwenda zake."

Akaondoka bila koti. Siku ya pili akaja mama.

Mama alikuwa Msabato wa kweli na hakuwahi kupenda kazi yangu. Aliona iko karibu mno na sanamu za kuchonga. Alivua viatu mlangoni, sijui kwa nini, akamzunguka kaka. Alimtazama muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye bega la kushoto.

"Hili liko juu mno. Hili alianguka nalo kwenye mwembe. Halikurudi sawa."

Nikalowesha pale, nikalishusha. "Hivyo?"

"Kidogo tena. Basi." Akaketi chini kwenye magunia. "Nyara," akaniita, binti yangu, "baba yako mdogo anasema nikuambie uteketeze kitu hiki. Mimi sikuambii hivyo. Ila uso usimwekee."

"Kwa nini, mama?"

"Ukimwekea uso atakuwa amekwisha."

Na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu boti ipotee, huku mashine ya posho ikisaga mahindi ya watu na hakuna jirani aliyesikia. Lile suala la sikio sikumwambia. Jumamosi ikaja ikapita. Mama alifunga lango la mji kwa kamba, akaketi mbele yake na Biblia yake, na waliokuja kuzika walimsalimia wakarudi.

*

Alirudi kwa barabara. Hilo hatukuwa tumeliwaza hata mara moja. Macho yetu yote yalikuwa ziwani.

Ilikuwa alasiri, nikikoroga rangi kibarazani. Mwanamume alisimama jua likiwa nyuma yake. Mwembamba, shati si lake, ndala za rangi mbili. Nilidhani ni mtu wa bango.

"Karibu," nikasema. "Unataka kuandikiwa nini?"

Nikasikia jina langu la utotoni, lile ambalo ni nyumbani tu wanalijua, na mkebe ukaniponyoka.

Nitasema ukweli: sikumkimbilia. Nilirudi nyuma. Majuma yote yale nilikuwa nimeushika mgongo wake kwa mikono hii, na mtu aliyesimama pale hakuwa nao. Mabega yake yote mawili yalikuwa yameanguka mbele, kama amefunika kitu kifuani. Nilitazama miguu kama inagusa ardhi.

"Nipe maji," alisema. "Mimi ni mtu."

Nilimpa maji, kisha uji, kisha maji tena. Alieleza kwa vipande. Boti ilipinduliwa na upepo. Maji yalimsukuma kusini hadi upande wa Tanzania, wavuvi wa huko wakamwokota. Hakuwa na karatasi yoyote, akashikwa, akakaa rumande, akaugua humo, hadi afisa mmoja alipochoka naye akamwachia. Akatembea na kudandia malori hadi Sirare, akavuka mpaka, akaja kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu.

"Na mwenzako?" nikauliza.

Alisimama akaingia ndani. Nilipomfuata alikuwa mbele ya gunia, analitazama koti lake.

"Huyu nani?"

Akagusa ukosi wa koti.

"Mmeshanizika?"

"Bado," nikasema.

Ni neno la kipumbavu kumwambia mtu aliye hai. Alitazamana na ule mwili usio na kichwa, kisha akasema, "Mfunike. Siwezi kulala naye humu." Nikatundika leso mbili juu yake. Na alipogeuza kichwa kupokea kikombe nikaona kovu. Lilikuwa sikio la kulia.

Kesho yake tulikwenda nyumbani, mimi nikitangulia ili mama asianguke. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yakanitoka. "Mama, keti," nilisema tu. Akanitazama usoni, hakuketi, akanipita, akaelekea langoni. Baba mdogo akapaza sauti kwamba mtu aliyekwisha tangazwa amekufa haingii hivi hivi, kuna mambo ya kufanywa kwanza. Mama alikuwa ameshamshika kaka kwa masikio yote mawili kama mtoto anayeogeshwa. Wifi alikuwa kwenye kinu. Hakukimbia. Aliendelea kutwanga, mapigo mawili, matatu, kisha akauachia mchi, akaenda, akampiga kifuani kwa ngumi, akampiga tena, akaangua kilio ambacho wanawake wa mji ule walikuwa wamekizuia tangu mwanzo. Wote wakaitikia. Majirani walikuja mbio wakidhani sasa ndiyo maiti imefika.

*

Ningependa kusema wasiwasi uliishia hapo. Ulihama tu.

Ng'ambo ya kijito mama yake yule kijana alisikia. Asubuhi yake alikuja, akaketi nje ya lango letu, miguu ameinyoosha. Hakupiga kelele. "Wako amerudi," alimwambia mama. "Nimekuja kuuliza wangu yuko wapi. Mimi nilizika tunda. Labda niliharakisha."

Kaka aliingia ndani akafunga mlango. Yule mama akaja tena kesho, na keshokutwa. Mama alimpelekea chai. Aliinywa, akashukuru, akaendelea kungoja. Kaka hakula mchana kama yule mama yuko langoni. Tulimsihi aseme naye, akatutazama kama tunamwambia arudi majini. Mwisho akatoroka, akaja kwangu Suna.

Siku chache alikaa akinikorogea rangi, leso bado zimetundikwa. Kisha mchana mmoja akazishusha mwenyewe.

"Sivyo," alisema.

"Sivyo nini?"

"Hatukuwa tunavuta wavu. Umenifanya mtu mwenye nguvu." Akalala kifudifudi sakafuni, kwenye vumbi la unga, akakumbatia benchi langu la mbao kwa mkono mmoja. Mkono wa pili akaunyoosha nyuma, ngumi imekunjwa. "Hivi. Boti imepinduka, nimeshika tumbo lake. Huku nimemshika yeye. Shati lake. Usiku kucha."

Nilichuchumaa. "Halafu?"

"Palipokucha shati lilikuwa mkononi mwangu." Uso wake ulikuwa umegeukia ukuta. "Mtu hayumo. Nimelala kidogo tu, nadhani. Au sikulala. Nitamwambia nini yule mama? Kwamba nilishika vizuri?"

Nilichukua koleo nikaanza kukata waya. Nilipoutoa wavu kwenye mikono ya mtu wangu, kaka aliinuka, akaja kusaidia. Tulimlaza. Tulimpinda upya, mabega yakaenda mbele kama yalivyokuwa sasa. Mkono mmoja tuliufanya ukumbatie ubao mkuukuu. Wa pili kaka alinikataza nisiuguse. Aliutengeneza mwenyewe, karatasi kwa karatasi, uji ukimtiririka viwikoni, na alipofika vidoleni alivikunja na kuvikunjua vyake mbele ya macho ili aone vinavyobana. Ndani ya ngumi ile tuliweka kipande cha kitambaa cheupe, kikining'inia. Uso niliufanya mimi, umelala shavu juu ya ubao, macho wazi. Nilimwomba mama ruhusa kwanza. Alisema, "Sasa mwekee."

Kazi zangu zilipotundikwa ukumbini Homa Bay, nilikuwa sijala. Watu waliingia kwa adabu ya kanisani, wakapita mbele ya mama wa foleni na bwana wa posa, wakafika kwa kaka, wakasimama. Niliwasikia wakishusha sauti. Mimi nilikuwa natazama mlango, kwa kuwa kaka alikuwa amekwenda ng'ambo ya kijito asubuhi ile, peke yake, na hakuniambia atasema nini.

Walifika pamoja. Yule mama alikuwa amevaa gauni la kwendea ibadani. Kaka alimpitisha katikati ya watu, akamsimamisha mbele ya gunia. "Huyu ni mimi," alisema. "Na hapa," akagusa ngumi, "ndipo alipokuwa."

Nilihofia atapiga yowe, au ataivunja. Sijui ningefanya nini; nadhani ningemwacha. Aliinama, akachunguza vidole vile kimoja baada ya kingine. Akakishika kitambaa akakivuta kidogo. Hakikutoka.

"Ulimshika," alisema.

"Nilimshika, mama."

"Alikuwa anasema kitu?"

"Alizungumza sana. Alikuwa anauliza ng'ombe wenu mweupe kama amezaa. Aliuliza mara nyingi. Nilimwambia lazima amezaa."

Yule mama alibaki ameshika kitambaa kile. Watu waliokuwa nyuma yetu walikuwa wamesogea mbali, wametuachia nafasi.

"Alizaa," alisema mwishowe. "Jike. Ana baka usoni."

Kisha akaomba kiti, maana miguu ilikuwa imemchoka, na kaka akaenda kumtafutia.